Ile Pesa Itume kwa Namba Hii

Nathari ya Kiswahili inayosomwa na watu wengi zaidi leo haitoki kwenye gazeti wala nyumba ya vitabu. Huandikwa na mtambo, huingia mfukoni kwa mtetemo mmoja, na msomaji wake huisoma akiwa amesimama: dirishani kwa wakala, ndani ya daladala, kwenye foleni ya duka la dawa. Ni meseji ya muamala. Mama lishe huisoma mara kadhaa kwa siku. Profesa wa fasihi naye huisoma, tena kwa makini kuliko anavyosoma tasnifu za wanafunzi wake. Ina muundo usioyumba, ina msamiati wake, ina sauti yake. Mhakiki hana sababu ya kuinyima hadhi ya utanzu. Nataka kuihakiki hivyo, na kwa kuwa utanzu ukistawi huzaa waigaji na wapinzani, nitaisoma pamoja na mpinzani wake mkubwa, meseji ya tapeli. Niseme mapema kwamba kati ya hizo mbili, ya tapeli ndiyo iliyoandikwa kwa ufundi zaidi, na hilo ni tatizo la wote tunaotumia simu.

Tuanze na mipaka. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliketi kwenye taipureta mjini Bonn akawa anachapa sentensi za kawaida na maswali ya kila siku, akihesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote ziliishia ndani ya herufi 160. Akatazama kadi za posta na teleksi, akaona kipimo hicho kinatosha kwa mtu mwenye jambo la kusema. Njia iliyokuwepo ya kupitishia maandishi hayo ilikuwa na nafasi ya baiti 140, na kila herufi ikipewa biti saba badala ya nane, baiti hizo hubeba herufi 160 kamili. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 kwenye mtandao wa Vodafone, nayo ilikuwa salamu ya Krismasi. Kiswahili kiliingia katika chumba hicho bila kubanwa, maana hakina herufi zenye vikorombwezo. Kinachoweza kukiponza ni ritifaa tu. Ukiandika ng'ombe kwa ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, simu inaweza kuhamia mfumo mwingine wa herufi, na nafasi ya meseji nzima ikashuka kutoka 160 hadi 70. Ng'ombe mmoja anakula zaidi ya nusu ya shamba.

Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka uliofuata, chumba hicho kilipewa kazi ambayo Hillebrand hakuifikiria: kutoa stakabadhi. Zamani stakabadhi ilikuwa na karatasi, sahihi na mhuri wa bluu uliopigwa kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Sasa vyote hivyo vinatakiwa viishi ndani ya maneno matupu. Hapo ndipo swali la muundo linapoanza: maneno yapangwe vipi ili mtu ayaamini kama mhuri?

Mifupa ya meseji, nikiondoa majina na tarakimu za mtu yeyote, ni hii. Msimbo. Neno Imethibitishwa. Kiasi. Jina la mpokeaji kwa herufi kubwa. Tarehe na saa. Makato. Salio jipya. Na mkiani, mara nyingi, tangazo. Kila kampuni ina vionjo vyake, na Kenya wengi huipokea kwa Kiingereza ingawa menyu inaruhusu Kiswahili, lakini ukiweka meseji za mitandao mbalimbali kando kwa kando utaona ni ndugu.

Msimbo hutangulia, na humo mwandishi anakiri kwamba hamwandikii binadamu peke yake. Chukua msimbo wa M-Pesa ya Kenya, wenye herufi na tarakimu kumi. Unaonekana kama mchanganyiko wa kubahatisha, lakini mwanzo wake una mpangilio: katika miaka hii ya karibuni herufi ya kwanza huenda na mwaka, ya pili na mwezi, ya tatu na siku. Miamala ya 2023 huanza na R, ya 2024 na S, ya 2025 na T. Januari ni A, Desemba ni L. Siku ya kwanza hadi ya tisa huandikwa kwa tarakimu, kisha ya kumi huwa A, na kuendelea. Kwa hiyo tarehe imeshatajwa kabla msomaji hajafika kwenye neno la kwanza analolielewa, halafu itarudiwa mbele kwa mtindo wa watu. Kuna wasomaji wawili hapa, na anayehudumiwa kwanza ni mtambo.

Kisha neno lenyewe: Imethibitishwa. Kitenzi kimoja kinasimama kama sentensi nzima, katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hayupo. Nani amethibitisha? Na hicho kiambishi cha mwanzo kinarejelea nomino ipi? Mwalimu wa sarufi angesumbuka, msomaji hasumbuki hata kidogo, na sababu ni kwamba nguvu yote ya neno imo katika kukosa kwake mwenyewe. Ingeandikwa “Tumethibitisha”, pangekuwa na mtu wa kumpigia simu na kumwuliza, mmethibitisha vipi? Ingeandikwa “Umetuma”, kama baadhi ya mitandao inavyoandika, tendo lingerudi mikononi mwako na lawama nayo ingekuwa yako. “Imethibitishwa” inakaa juu ya wote wawili. Ni sauti ya hukumu iliyokwisha kusomwa mahakamani, na nadhani ndiyo sababu watu waliiamini mapema hivyo, hata wale ambao benki hazikuwahi kuwafungulia mlango.

Jina la mpokeaji huja kwa herufi kubwa tupu. Hapa mwandishi amepata bahati ya umbo: katikati ya herufi ndogo, jina lililosimama wima linadaka jicho, na kwa mtumaji hilo ndilo jambo la kwanza la kuhakikisha. Jina hilo huwa kamili kuliko tunavyoitana. Mtu unayemjua kama Mama Zawadi, au Fundi, au Babu wa Kona, anatokea na majina matatu ya kwenye kitambulisho, na wakati mwingine unashtuka kidogo kugundua kwamba hukuwahi kulijua jina la mtu ambaye umekuwa ukinunua mkaa kwake miaka yote. Liweke kando jambo hili. Tapeli analijua vizuri.

Saa ni kichekesho. Katika meseji iliyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho unakuta “saa 4:21 PM”. Saa nne ipi? Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, saa nne ni ya asubuhi watu wakiwa kwenye chai, au ya usiku watoto wakiwa wamelala. Meseji inakusudia saa kumi na dakika ishirini na moja za jioni. Tumezoea, tunageuza kichwani bila kujitambua na kuendelea na safari. Lakini ukitaka kujua meseji hii ilifikiriwa katika lugha gani kabla haijavishwa kanzu ya Kiswahili, tazama saa yake. Kitu kinachotumwa mamilioni kwa mamilioni ya mara kwa wasemaji wa Kiswahili hakijawahi kupewa dakika moja ya mhariri wa Kiswahili, na sioni udhuru.

Sehemu ya makato ndiyo iliyobeba siasa. Kwa kawaida ni kifungu kikavu ambacho mtu hukipitia haraka, isipokuwa yule aliyeambiwa “tuma na ya kutolea” na anataka kujua ameongeza kiasi gani. Julai 2021 mambo yalibadilika. Serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Meseji ikarefuka. Makato yakagawanyika sehemu mbili, hii ada ya kampuni, hii tozo ya serikali, kila moja na tarakimu yake. Kodi nyingi tunazolipa zimefichwa ndani ya bei ya sukari na ya mafuta ya taa; hakuna anayepewa risiti ya kila kijiko. Hii ilijitaja yenyewe kwa jina kila mara mtu alipomtumia mzazi wake pesa ya dawa, sekunde chache baada ya kukatwa. Watu walizipiga picha meseji hizo na kuzisambaza, bila hoja wala maelezo, wakiacha kifungu cha makato kiseme. Septemba mwaka huo huo viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Siwezi kudai kwamba muundo wa meseji ndio ulioishinda serikali, palikuwa na mengi. Ila hotuba ya bajeti huchukua saa nyingi bungeni na wachache huisikiliza yote, na maudhui yake hayakuwahi kusomwa kwa makini kama yalivyosomwa katika kifungu hicho kimoja.

Kenya ina mfano wake wa namna umbo linavyobeba jambo zito kwa uso mkavu. Tangu Januari 2019 mteja wa M-Pesa ambaye salio lake halitoshi anaweza kumalizia muamala kwa mkopo wa Fuliza. Kabla ya hapo, salio likipungua, meseji ilikuja na habari ya kukataliwa. Ukitumia Fuliza, inakuja habari ya kufanikiwa, yenye msimbo ule ule na uthibitisho ule ule, na meseji ya deni inafuata kwa sauti isiyotofautiana na ya stakabadhi. Kukopa kunasikika kama kulipa. Songesha ya Vodacom Tanzania inakwenda njia hiyo hiyo. Mhakiki wa riwaya angemsifu mwandishi anayeweza kuingiza janga katika sentensi bila kuinua sauti. Mimi hapa simsifu.

Halafu salio, ambalo liko karibu na mwisho lakini husomwa mwanzo. Jicho la mzoefu halianzi juu. Linaruka moja kwa moja hadi penye salio jipya, linapima maumivu, ndipo linapanda kukagua jina na kiasi. Pengine mtunzi aliliweka mwishoni kwa sababu ya hesabu tu: kiasi, toa makato, baki hii. Lakini limekuwa kilele cha kisa. Na ndilo lililowafanya watu wa kawaida kuwa wahariri. Angalia kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Mchangaji ametuma pesa kwa mweka hazina na anatakiwa aweke uthibitisho mbele ya wanakamati. Anainakili meseji, anaibandika, na kabla ya kuituma anafuta mstari wa salio. Wengine hufuta kuanzia makato kwenda chini. Wapo wasiofuta, na hao ni wa aina mbili: wasiojua, na wanaotaka kamati ione kwamba mchango wa elfu hamsini haukuacha pengo. Nimeshawahi kuona mtu akiacha salio la shilingi mia nne na kitu, kwa makusudi naamini, ili asiulizwe tena habari ya kuongeza. Utanzu ambao wasomaji wake wanajua nini cha kukata na nini cha kubakiza ili maana igeuke, umeshakomaa.

Mkia sitauchelewesha. Baada ya salio huja tangazo: pakua programu yetu, jishindie, nunua bando, lipa kwa njia hii upate kile. Hapo meseji huwa imeshavuka herufi 160, na mtambo huikata vipande vya herufi 153 na kuviunganisha tena kwenye simu yako. Kwa hiyo kampuni ilivunja mipaka ya utanzu, na kilichoongezwa si hati, ni biashara. Ubaya wake uko katika usomaji. Stakabadhi inayoishia na tangazo humzoesha msomaji kwamba si kila kilichoandikwa humo kinamhusu. Anajifunza kuruka. Kila siku, mara kadhaa kwa siku, kampuni zenyewe zinamfundisha mteja kusoma meseji ya pesa juu juu.

Na aliyefundishwa hivyo ndiye anayepokea hii: Ile pesa itume kwa namba hii.

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajaipata kwa sura moja au nyingine. Hufuatwa na namba, jina la mtandao, na maneno “jina litatokea” au “jina litakuja”, kisha jina. Basi. Sentensi yake kuu ina herufi 28 ukihesabu na nafasi. Kusifu ufundi si kusifu wizi, na kuna watu waliopoteza ada za watoto wao kwa herufi hizo 28. Lakini tusipokubali kwamba hii ni kazi ya mtu anayeijua lugha, hatutaelewa kwa nini inaendelea kufanya kazi miaka yote hii.

Tazama kwanza isichokuwa nacho. Haina salamu. Katika Kiswahili hilo si jambo dogo. Barua zetu za zamani zilianza kwa salamu nyingi, na hata leo meseji ya mgeni anayetaka kitu hufungua kwa habari za saa hizi, au shikamoo, au samahani kwa usumbufu. Asiyesalimu ni mmoja kati ya wawili: asiye na adabu, au aliyekwisha kukusalimu. Meseji ya tapeli inajiweka kwenye kundi la pili. Kwa kuruka salamu inadai kwamba tulikuwa tunaongea muda si mrefu, na sasa tunamalizia. Kukosa adabu kumegeuzwa kuwa dalili ya ukaribu.

Halafu “ile”. Neno hili huelekeza kitu kilichokwisha kutajwa, ambacho mimi na wewe tunakijua. Tapeli hajui chochote. Hajui kama wewe ni mwanamume au mwanamke, mpangaji au mwenye nyumba, una pesa au huna. Anaandika sehemu ya kati ya hadithi, na mwanzo anamwachia msomaji autunge. Wengi hawana mwanzo wa kuuweka na wanafuta. Lakini siku hiyo hiyo, mahali fulani, kuna mtu aliyemwahidi mdogo wake pesa ya nauli, kuna anayedaiwa na fundi, kuna aliyeambiwa asubuhi na mke wake kwamba mchango wa msiba bado. Kwao “ile” inapata mwili mara moja. Kila msomaji anajaza kisa chake, ndiyo maana meseji moja isiyo na kisa inafaa kwa watu elfu. Waandishi wa hadithi fupi hujitahidi kupata hilo na mara nyingi hushindwa.

Kitenzi chake ni amri tulivu. Haina “haraka”, haina “tafadhali”, haina herufi kubwa, haina alama ya mshangao. Ilinganishe na ile nyingine ya kukualika kujiunga na Freemason upate utajiri, au ya mganga anayerudisha mpenzi na kuongeza nyota ya biashara. Hizo ni ndefu, zina kelele, zinataja mamilioni, na zinamtaka msomaji aamini jambo jipya. Ile pesa haimtaki aamini jambo lolote jipya. Inamtaka atimize alichokwisha kukusudia, kwa namba nyingine tu.

Na sasa “jina litatokea”, ambayo naiona kuwa sentensi ya ujanja kuliko zote. Kabla pesa haijaondoka, mfumo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumtaka athibitishe. Hiyo ndiyo ngome ya mwisho: ukiona jina usilolijua, simama. Tapeli anaitaja ngome hiyo kabla hujaifikia na kuigeuza kuwa shahidi wake. Jina likitokea kama alivyosema, msomaji haoni onyo. Anaona ahadi iliyotimia. Na litatokea kweli, kwa sababu laini imesajiliwa. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na kufikia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa; kila laini sasa ina jina la mwenye kitambulisho cha Taifa. Tatizo ni kwamba jina hilo linaweza kuwa la mtu aliyeweka kidole mara mbili kwa wakala akidhani mara ya kwanza kimekataa. (Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Wengine hushtuka.) Na tukumbuke lile jambo nililoliweka kando: hata watu tunaowajua kweli hutokea kwa majina tusiyoyajua. Mdogo wako anaweza kuwa anatumia laini ya shemeji. Jina geni halimshtui tena mtu.

Zipo nakala zake dhaifu. Ile ya “mimi mwenye nyumba wako, ile kodi” imepoteza ustadi kwa kusema mno: anayeishi kwake anacheka, na mpangaji mwenye mazoea na mwenye nyumba anajua sauti yake. Imeongeza hofu, imepunguza wasomaji. Kenya kuna mtindo tofauti kabisa, wa maonyesho mawili. Kwanza inakuja meseji ya kughushi inayoiga stakabadhi neno kwa neno, kwamba umepokea kiasi fulani. Kisha simu inaita, na mtu mwenye sauti ya kuvunjika moyo anakuomba umrudishie, amekosea namba. Mtindo huo unauiga mtambo, na mtambo haukubali kuigwa vizuri: meseji ya kughushi ikitoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma, aliye makini anaiona. Wa Tanzania haugusi mtambo. Unaiga mazungumzo ya watu, na mazungumzo hayana mhuri wa kukagua.

Kinga nazo ni maandishi, nazo zina umbo lake. Kampuni hutukumbusha bila kuchoka: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea meseji za kitapeli, na kampeni ya Sitapeliki imetangazwa redioni na mabarabarani. Namba hiyo itumieni. Lakini soma tena onyo la namba ya siri ukiwa na ile pesa mkononi, utaona haliigusi. Tapeli huyu haombi namba ya siri. Anayeiandika ni mwenyewe, kwa kidole chake, ndani ya menyu halali, akiwa na akili timamu na nia njema. Onyo linalinda mlango ambao mwizi hakupita.

Na baada ya dakika moja inakuja ile stakabadhi, yenye msimbo wake na jina lake la herufi kubwa na saa yake ya Kizungu. Imethibitishwa. Kauli isiyo na mtendaji, ambayo ilikuwa fahari ya utanzu huu, hapa inaonyesha udhaifu wake. Imethibitisha nini? Kwamba pesa imetoka hapa imefika pale. Msomaji alikuwa anataka kujua kama imefika kwa mtu aliyemkusudia, na juu ya hilo meseji haijawahi kusema neno, tangu 2007. Tuliisoma kama shahidi wa kila kitu. Ilikuwa shahidi wa kitu kimoja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Meseji ya muamala ina mwanzo mzuri, ina katikati yenye uzito, na imeharibiwa na mkia. Mkia ukatwe, tangazo litumwe peke yake au lisitumwe. Saa iandikwe kama watu wanavyoisema. Mstari wa salio uwe wa hiari, kwa kuwa wasomaji wameshaamua kuufuta. Haya ni marekebisho ya mhariri yeyote wa habari, na wahariri wa Kiswahili wanaotafuta kazi wapo wengi Dar es Salaam.

Lakini marekebisho makubwa yanatakiwa kwenye skrini ya jina, kabla ya stakabadhi, mahali ambapo tapeli ameshatangulia kusema “litatokea”. Nguvu yake iko katika kudai historia isiyokuwepo, na historia hiyo mtambo unayo. Mtambo unajua kama umewahi kuitumia namba hiyo pesa au hujawahi. Chini ya jina, iongezwe sentensi moja: Hujawahi kutuma pesa kwa namba hii. Haitishi, haihubiri, haiulizi namba ya siri. Inaijibu “ile” kwa lugha yake yenyewe, kwa kumwambia msomaji kwamba hapajakuwa na mazungumzo yoyote kati yake na namba hii, kisha inamwachia aamue. Ndugu zetu wa kampuni za simu, na nyinyi TCRA mnaowasimamia, iwekeni. Ina herufi 35, na skrini ya menyu inabeba 182.